Volani inatetemeka: motokari za mashindano zinatufundisha nini?



Leo tunaacha kofia na vumbi ya mgodi, tunasema juu ya gurudumu. Unaweza kuuliza: tangu lini mtu wa dispansere anafundisha mambo ya motokari? Kazi hiyo ni ya watu wa garaji. Ni kweli. Lakini motokari ikiacha njia kwa vitesi ya 100, chuma kinapelekwa garaji na watu wanaletwa kwetu. Tena kuna wale wanaokuja kwa miguu yao wenyewe. Mgongo unauma, vidole vina ganzi, wanaomba vidonge. Ukiwauliza vizuri unasikia kama ni mashofere, na volani inatetemeka tangu miezi miwili au mitatu. Ukiuliza tena sababu gani hawakusema kwa garaji, wanajibu: "Tulishazoea."

Juu ya neno hilo moja, "tulishazoea", ninaandika somo hili. Nimechagua kulieleza kwa motokari za mashindano, zile zinazokimbia km 300 kwa saa na zaidi. Kwa nini hizo? Kwa sababu gurudumu ni gurudumu. Jambo ambalo kwa motokari yetu ni dogo, kwa vitesi kubwa linakuwa kubwa mpaka kila mtu analiona kwa macho. Na wale watu wa mashindano, pamoja na pesa yao yote na mafundi wao wote, nao walianguka siku moja kwa sababu ya kuvumilia gurudumu linalotetemeka. Tutafika hapo.

MAGOTI NA VIATU

Kwanza tuelewane juu ya resori. Mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Njia ina mashimo na mawe, lakini maji hayamwagiki. Kwa nini? Magoti yake yanakunjika na kunyooka, yanakula mashimo yote, na kichwa kinaenda sawa. Magoti ndiyo resori. Ndoo na kiwiliwili ndiyo motokari yenyewe, na ninyi mliokaa ndani. Miguu inayokanyaga chini ndiyo magurudumu.

Sasa mvalishe mama yule buti nzito za kazi. Kila hatua mguu unapiga chini kwa nguvu, na goti linapata taabu kuuongoza. Kwa motokari ni vile vile. Vitu vilivyo chini ya resori (mpira, janti, freni, kipande cha esie) vinapigana na njia moja kwa moja, na uzito wao ukiwa mwingi resori haina nguvu ya kuvirudisha chini upesi. Ndiyo sababu watu wa mashindano wanatafuta janti za madini mepesi kama manyeziyamu. Wanataka gurudumu lipande juu ya jiwe na kushuka mara moja, maana gurudumu lililo hewani halishiki njia. Halipigi freni, halikati kona, halifanyi kitu.

Karibu na resori kuna amotisere. Kazi yake ni kuchosha mruko. Resori peke yake ingeruka na kuruka tena kama kitanda cha chuma ambacho watoto wanachezea. Amotisere inaishika na kusema: basi, imetosha.

Hayo ni ya gurudumu linalopanda na kushuka. Lakini gurudumu halipandi na kushuka tu. Linazunguka pia, na kuzunguka huko kunaleta mambo mawili mapya ambayo resori inapaswa kuyabeba. Watu wengi hawayajui, hata mashofere wa zamani.

YAI MOJA LA KUKU

Jambo la kwanza ni uzito ulio upande mmoja. Chukua matope yaliyokauka ndani ya janti, upande mmoja tu. Tuseme ni gramu 50, uzito wa yai moja la kuku. Tuseme yako cm 20 kutoka katikati ya gurudumu, na gurudumu lina mzunguko wa mita 2, kama lile la motokari ndogo. Ukisimama, yai hilo halina maneno. Ukitembea, yai linataka kutoka nje sawa na jiwe lililofungwa kwa kamba unapolizungusha juu ya kichwa, na gurudumu linavutwa pamoja nalo, juu, mbele, chini, nyuma.

Linavuta kwa nguvu gani? Kwa km 50 kwa saa, kama kilo 2. Kwa 100, karibu kilo 8. Kwa 200, kilo 31. Kwa 300, kilo 70, ni kusema mtu mzima aliyesimama juu ya gurudumu anarukaruka, na anaruka mara 42 kwa kila sekunde. Angalia hesabu vizuri: vitesi imeongezeka mara 6, lakini nguvu imeongezeka mara 36. Ukizidisha vitesi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Mwambie mtoto wako wa shule akufanyie hesabu hiyo, ataifurahia.

Na bado haijaisha. Kila kitu chenye resori kina hesabu yake ya kutikisika. Sukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma wakati wowote, bembea haiendi mbali, ukisukuma sawasawa na mwendo wake, kwa kidole tu anapanda juu sana. Kiwiliwili cha motokari juu ya resori zake kinatikisika mara 1 au 2 kwa sekunde. Gurudumu lenyewe, kati ya mpira na resori, linatikisika mara 10 mpaka 15 kwa sekunde. Sasa, gurudumu lenye mzunguko wa mita 2, kwa km 100 kwa saa, linazunguka mara ngapi kwa sekunde? Karibu mara 14. Unaona? Yai linasukuma bembea sawasawa na mwendo wake.

Ndiyo maana volani nyingi zinaanza kutetemeka kati ya 80 na 110, ile vitesi hasa tunayopenda kwenye njia ya Likasi na Kolwezi pahali ambapo lami ni nzuri. Na hapo ndipo kuna mtego. Shofere anasikia mtetemo kwa 95, anakanyaga mpaka 120, mtetemo unapungua. Anawaambia abiria: "Mnaona? Hii motokari haipendi pole pole." Abiria wanacheka. Lakini bembea tu ndiyo imepitwa. Yai halikupunguza nguvu: kwa 100 lilivuta karibu kilo 8, kwa 120 linavuta kilo 11, mara 16 au 17 kwa sekunde, na rulma inabeba hayo yote kimya. Shofere hasikii kitu, kumbe chuma kinaendelea kupigwa.

MZUNGUKO WA MWISHO

Sasa tuende Ujerumani, kwenye njia ya mashindano ya Nürburgring, tarehe 29 mwezi wa 5, mwaka 2005. Ilikuwa shindano la Formula 1. Mwaka ule sheria ilisema mipira ile ile imalize shindano zima; ruhusa ya kubadilisha ilikuwa kwa mpira ulioharibika tu. Kimi Räikkönen, mtu wa Finland, alikuwa mbele na motokari ya McLaren. Alipokuwa akimpita mwenzake aliyebaki nyuma alipiga freni kwa nguvu, na gurudumu la mbele la kuume likakwama: halikuzunguka, likaburuzwa juu ya lami. Mpira ukalika pahali pamoja, ukawa bapa pale. Mpira bapa ni ndugu wa yai letu. Kila gurudumu likizunguka mara moja, pahali bapa panapiga chini kama nyundo.

Watu waliotazama televisheni waliliona gurudumu likitetemeka. Mikono ya resori ya motokari zile ni myembamba, imefanywa kwa nyuzi za kaboni. Ina nguvu ya ajabu kwa kuvutwa na kusukumwa, lakini nyundo ni kitu kingine. Kila mzunguko wa njia ulileta mtetemo mbaya zaidi. Kikosi chake kilikuwa na mafundi wakubwa na masini za kupima kila kitu. Walikuwa na njia mbili: kuingia garaji, kubadilisha mpira na kupoteza nafasi ya kwanza, ao kuendelea. Ilibaki kidogo tu. Waliendelea.

Mzunguko wa mwisho ulipoanza, mwisho wa njia iliyonyooka, Räikkönen alipiga freni kwa ajili ya kona ya kwanza. Mikono ya resori ya kuume ilivunjika yote, gurudumu likakunjwa, motokari ikazunguka na kutoka njiani. Ilipita karibu sana na motokari ya Jenson Button, ikaponea chupuchupu kumgonga. Fernando Alonso aliyekuwa wa pili akashinda. Räikkönen alitoka mzima.

Ninapenda mfano huo kwa sababu hakuna mjinga ndani yake. Wale watu walijua hesabu ya yai kuliko mimi na wewe. Lakini "imebaki kidogo tu" ni neno lenye nguvu kuliko hesabu. Shofere anayesema "nitafika kwanza Likasi, kesho nitaonyesha garaji" yuko katika mzunguko wa mwisho wa Nürburgring. Na angalia chuma kilivunjika wakati gani: wakati wa kupiga freni, ni kusema wakati ule ule mtu anapohitaji gurudumu lake kuliko saa nyingine yoyote.

GURUDUMU LINA KICHWA KIGUMU

Jambo la pili ni gumu zaidi kueleza, lakini unaweza kulisikia kwa mikono yako. Chukua kinga ya zamani, fungua gurudumu la mbele. Shika vipande viwili vya esie, kimoja kwa kila mkono, gurudumu likiwa limesimama mbele yako kama linataka kukuacha na kwenda. Mkubwa mwingine alizungushe kwa nguvu kwenda mbele. Vidole viwe mbali na nyuzi za gurudumu, na watoto wasimame nyuma yako. Sasa liinamishe upande wa kuume, kama kinga inayolala kwenye kona. Utasikia ajabu. Umesukuma kuinamisha, lakini gurudumu linageuka! Sehemu yake ya mbele inaenda kuume peke yake. Likisimama bila kuzunguka, halifanyi hivyo hata kidogo.

Gurudumu linalozunguka lina kichwa kigumu. Ukiliinamisha linajibu kwa kugeuka. Ukiligeuza linajibu kwa kuinama. Na kadiri linavyozunguka mbio na kadiri uzito wake ulivyo mwingi pembeni, linajibu kwa nguvu zaidi.

Basi fikiri motokari za miaka ya 1920. Magurudumu mawili ya mbele yalikuwa yamefungwa kwa esie moja, chuma kimoja kutoka kushoto mpaka kuume, juu ya resori za majani. Gurudumu la kushoto likipanda juu ya jiwe, esie yote inainama upande wa kuume, na magurudumu yote mawili yanainama nayo. Yakiinama, yanajibu kwa kugeuka kuume. Yakigeuka, yanajibu kwa kuisukuma esie ishuke kushoto. Resori inarudisha, mpira unaruka, esie inainama upande wa pili, magurudumu yanageuka kushoto, na mchezo unaendelea, kuume, kushoto, kuume, kushoto, mpaka volani inataka kumtoka shofere mikononi. Wazungu waliuita shimi, jina la dansi moja ya wakati ule ambayo mtu anatikisa mabega. Jina zuri, lakini ugonjwa ulikuwa mbaya.

Cha ajabu, ugonjwa ulizidi kwa sababu ya mambo mawili mazuri. Kwanza freni kwa magurudumu ya mbele. Mwaka 1921 Jimmy Murphy, Mwamerika, alishinda Grand Prix ya Ufaransa mjini Le Mans na motokari ya Duesenberg iliyokuwa na freni za mafuta kwa magurudumu yote manne, na baadaye motokari za kila siku zikafuata. Freni zilileta uzito mpya chini ya resori. Pili, mipira minene yenye hewa ya pole, iliyotokea katika miaka ile ile. Ilikuwa mizuri kwa mgongo wa abiria, lakini ilikuwa na uzito zaidi na iliruka zaidi. Esie ya chuma kimoja haikuweza tena kuishika dansi ile.

Dawa ilikuwa kukata undugu wa magurudumu mawili, kila moja lipande na kushuka kwa mkono wake lenyewe. Mwaka 1934 motokari mpya za mashindano za Wajerumani, Mercedes-Benz W25 na Auto Union, zilikuja na magurudumu ya mbele ya namna hiyo. Auto Union, kazi ya Ferdinand Porsche, ninaipenda zaidi kwa somo letu. Mikono yake ya mbele ilielekea nyuma, kama mguu wa panzi, na gurudumu lilipanda na kushuka wima. Halikuinama, basi halikuwa na sababu ya kugeuka. Mwaka ule ule 1934 motokari za kampani kubwa ya Amerika, General Motors, zilipata pia magurudumu ya mbele yasiyofungwa pamoja. Injinia Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce, alikuwa mmoja wa waliosukuma kazi hiyo. Wazee wetu walioendesha Volkswagen, ile kobe ao ile kombi ya zamani, walikuwa na mikono ile ile ya Porsche chini ya miguu yao bila kujua.

Je, jambo hili la kichwa kigumu ni kubwa? Tufanye hesabu. Gurudumu la mashindano la kilo 20, kwa km 300 kwa saa, likiinama digri 1 tu kila upande, mara 10 kwa sekunde, linasukuma mkono wake wa volani kwa nguvu ya kilo 35 zilizotundikwa kwenye ncha ya nondo ya mita 1. Ni nyingi. Ndiyo sababu motokari ya leo ya mashindano imejengwa ili gurudumu lisiwe na ruhusa ya kuinama hovyo, na resori zake ni ngumu, gurudumu linapanda kidogo sana. Ukishafanya hivyo, jambo hili linakuwa dogo kuliko mambo ya mpira na upepo. Nisikutie woga wa bure.

Lakini kamio nyingi, na jeep nyingi za kazi, zina esie ya chuma kimoja mbele mpaka leo. Ni chuma chenye nguvu, kinafaa kwa mizigo na njia mbaya. Hapo shimi haikufa, imelala tu. Rotuli ikilegea, rulma ikipata mchezo, amotisere ikimwaga mafuta, inaamka. Ikiamka na wewe uko kwenye volani, shika volani kwa mikono miwili bila kupigana nayo, toa mguu kwenye gaze pole pole, usipige freni kwa nguvu, acha vitesi ishuke mpaka dansi iishe, ndipo utoke pembeni. Ukisimama, usiondoke tena kwa sababu eti imeacha.

WALIOOKOTA MAWE

Niseme kidogo juu ya wale wanaokimbia kuliko wote, maana habari yao inatoka katika bara letu. Mwezi wa 11 mwaka 2019, kule Hakskeen Pan, tambarare kavu ya Afrika ya Kusini karibu na jangwa la Kalahari, motokari ya Waingereza yenye masini ya ndege ilifika km 1 010 kwa saa. Jina lake Bloodhound. Mpira wa kawaida kwa vitesi ile ungepasuka vipande vipande, basi magurudumu yake ni aluminiamu tupu, kipenyo cha cm 90. Kwa vitesi ile yanazunguka karibu mara 100 kwa sekunde. Gramu 1 tu ya chuma pembeni ya gurudumu inavuta kutoka nje kwa nguvu ya kilo 17 na zaidi. Pima yai letu la gramu 50 kwa hesabu hiyo!

Bila mpira hakuna kitu cha kumeza jiwe dogo kabla halijafika kwa resori. Wakafanya nini? Wakaaji wa kule walipewa kazi ya kusafisha ile tambarare, wakaokota mawe kwa mikono yao, jiwe kwa jiwe, eneo kubwa sana. Masini yote ile ya ajabu ilisimama juu ya kazi ya watu wanaoinama na kuokota. Wafanya kazi wa mgodi wataelewa habari hiyo bila mimi kuieleza.

MWILI WAKO NA MTETEMO

Sasa nirudi kwa kazi yangu. Mtetemo wa gurudumu, ule wa mara 10 mpaka 15 kwa sekunde, unapanda kwa volani na kuingia mikononi, mabegani, shingoni. Ndiyo ganzi ya vidole na uchovu wa macho. Maumivu ya mgongo yanatoka zaidi kwa mtikisiko wa pole, mara 4 mpaka 8 kwa sekunde, kwa sababu kifua, tumbo na mifupa ya mgongo ya mtu aliyeketi vina bembea yao hapo karibu. Kiti kilichokufa na amotisere iliyokufa vinausukuma mgongo sawasawa na mwendo wake. Miaka ya mtikisiko huo inachakaza mito iliyo kati ya mifupa ya mgongo, na kidonge hakiwezi kuirudisha. Hata vijana wa Formula 1, wenye misuli na munganga wao, mwaka 2022 walishuka kutoka motokari zao huko Baku wakishika mgongo, kwa sababu motokari za mwaka ule zilirukaruka. Kule sababu ilikuwa upepo chini ya motokari, siyo magurudumu, lakini mgongo hauulizi sababu. Wakubwa wa mashindano walianza kupima mruko na kuuwekea mpaka.

Shofere, ukimaliza safari ndefu usirukie mara moja kupakua magunia. Tembea kwanza dakika chache, mgongo upate nguvu. Mama mwenye mimba na mtu mwenye mgongo mgonjwa wakae katikati ya basi, siyo juu ya magurudumu ya nyuma ao nyuma kabisa, maana pale mruko ni mkubwa zaidi.

UANGALIE NINI?

Asubuhi kabla ya kuondoka, zunguka motokari yako. Toa matope ndani ya janti, upande wa ndani pia. Wakati wa mvua hiyo peke yake inaponya volani nyingi. Tazama kama kuna kipande kidogo cha risasi kilichoanguka kutoka pembeni ya janti (alama yake inabaki), kama mpira una nundu ao pahali palipolika peke yake. Pitisha mkono kwenye amotisere: mafuta ni alama ya kifo chake. Kandamiza kona moja ya motokari ndogo kwa nguvu na kuacha; inapaswa kupanda na kutulia. Ikiruka mara mbili, tatu, amotisere imekwisha. Buloni za gurudumu zikazwe kwa kile, tena baada ya km 50 kama gurudumu lilifunguliwa.

Mchezo wa rulma na rotuli unapimwa gurudumu likiwa limeinuliwa: litikise juu na chini, kisha kushoto na kuume. Lakini kriki peke yake haitoshi. Weka kigogo ao kiti cha chuma chini ya motokari kabla mkono wako haujaingia. Hayo hatupendi kuyaona dispansere.

Neno moja kwa watoto na kwa watu wanaouza vitu pembeni ya njia. Gurudumu likitoka kwenye motokari linaendelea kuzunguka na kukimbia, na likigonga kitu linaruka juu. Mwaka 2000 huko Monza, Italia, gurudumu lililotoka katika ajali ya Formula 1 lilimuua mtu mmoja wa kazi ya ulinzi wa njia. Mwaka 2001 huko Melbourne, Australia, tena mmoja. Motokari zile zilikuwa na kamba za kufunga magurudumu, na baada ya hapo kamba hizo zikaongezwa nguvu. Motokari zetu hazina kamba. Ukiona gurudumu linakuja peke yake usijaribu kulisimamisha kwa mguu kama mpira wa kuchezea, hata likionekana linakuja pole. Kimbia upande, ingia nyuma ya mti ao ukuta.

Na wewe shofere, unapoandika katika daftari ya motokari, usiandike "volani mbaya". Andika inaanza kutetemeka kwa vitesi gani, inaacha kwa vitesi gani, kama ni wakati wa kupiga freni ao wakati wote, kama unaisikia mikononi ao kwenye kiti. Mikononi, fundi ataanza na magurudumu ya mbele. Kwenye kiti, ataanza na ya nyuma. Kwa maneno hayo manne anajua pahali pa kuweka mkono kabla motokari haijaingia garaji.